Northampton: Mji wa Viatu Unaojua Thamani ya Injini

Msafiri atokaye London kwa barabara kuu ya M1, iliyofunguliwa mwaka 1959, hufika Northampton baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 100 kuelekea kaskazini-magharibi. Mji wenyewe hauna majigambo. Mto Nene unapita taratibu kusini mwa kitovu chake. Kanisa la All Saints, lililojengwa upya baada ya moto mkubwa wa mwaka 1675, limesimama katikati. Na nyumba za matofali mekundu zimejipanga mistari kwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride. Mgeni asiyeambiwa kitu anaweza kuupita mji huu akidhani hakuna la kutazama.

Hata hivyo, jina la Northampton limetembea duniani kwa miguu ya watu. Huu ni mji wa washona viatu. Mwaka 1642, washona viatu 13 wa hapa walipewa kazi ya kutengeneza jozi 4,000 za viatu na jozi 600 za buti kwa ajili ya askari, na tangu hapo majeshi na mabwana wa Kiingereza wamevikwa viatu kutoka Northampton. Jumba la makumbusho la mji limejaa viatu vya kila zama, na hata timu ya mpira wa miguu ya mji huitwa na mashabiki wake kwa jina la washona viatu.

Mshona viatu wa Northampton ana desturi yake. Akipewa kiatu akithamini, haangalii kwanza rangi wala mng'aro. Hukigeuza chini juu, akatazama soli na mshono, kisha hutia mkono ndani. Kung'aa ni kazi ya brashi na dakika tano. Mshono ni kazi ya fundi. Desturi hii ya kukigeuza kitu kabla ya kukisifu ndiyo iliyoukaribisha mjini ufundi mwingine, ambao kwa sura hauhusiani kabisa na ngozi: ufundi wa kutengeneza, na leo wa kuthamini, injini za magari ya mashindano.

KUTOKA SOLI HADI SILINDA

Katika mtaa wa St James, ambamo viwanda vya viatu vimekuwapo tangu zamani, kampuni ya Cosworth ilihamia mwaka 1964. Ilikuwa bado changa. Ilianzishwa mwaka 1958 na wahandisi wawili, Mike Costin na Keith Duckworth, walioyaunganisha majina yao kupata jina la kampuni. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi katika kampuni ya magari ya Lotus.

Muda mfupi baadaye kampuni ya Ford ilikubali kutoa pauni 100,000 ili Cosworth iunde injini mbili: moja ndogo ya kujifunzia njia, na nyingine kubwa ya mashindano ya Formula One. Hiyo kubwa ikaitwa DFV. Ilikuwa na silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V, ujazo wa sentimita za ujazo 2,993, na nguvu za farasi zipatazo 408. Tena haikubebwa na gari kama mzigo. Yenyewe ilikuwa sehemu ya mwili wa gari, kwa kuwa magurudumu ya nyuma yalishikiliwa na injini pamoja na giaboksi yake.

Tarehe 4 Juni 1967, huko Zandvoort nchini Uholanzi, injini hiyo iliingia mashindanoni kwa mara ya kwanza ikiwa katika magari mawili ya Lotus. Gari la Graham Hill lilianza mbele ya yote, likaharibika njiani. Gari la Jim Clark likashinda. Kuanzia siku hiyo hadi mwaka 1983, injini za ukoo wa DFV zilishinda mashindano 155 ya Formula One, na madereva waliozitumia wakatwaa ubingwa wa dunia mara 12.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba injini hii haikufichwa. Tangu mwaka 1968 timu nyingine ziliweza kuinunua, kwa bei iliyokuwa kiasi cha pauni 7,500 moja. Mtu angeweza kudhani kwamba injini iliyouzwa kwa kila mwenye fedha haiwezi kuwa tunu. Lakini leo watu husafiri kutoka mbali kuitafuta, na swali wanalokuja nalo si "Ipo?" Swali ni "Hii ni ipi?" Hapo ndipo kazi ya kuthamini inapoanza.

MASHAHIDI WATATU

Mafundi wa eneo hili, ambalo halipo mbali na uwanja wa mashindano wa Silverstone, wana namna yao ya kuipima injini adimu. Ni kama baraza la wazee linalosikiliza shauri: huitwa mashahidi watatu, na hakuna hukumu mpaka wote watatu wasikike.

Shahidi wa kwanza ni chuma chenyewe. Fundi mzoefu hakimbilii kuiwasha injini iliyolala miaka mingi, kwa maana dakika moja ya kuunguruma bila oili huweza kuharibu kilichodumu nusu karne. Huizungusha kwanza kwa mkono, polepole, akisikiliza kama kuna mahali inapokwama. Kisha hufungua plagi, akaingiza hewa ya kushindiliwa katika kila silinda, moja baada ya nyingine, akatega sikio. Hewa ikisikika ikitoka kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haifungi sawasawa. Ikisikika kwenye kabureta, kosa liko kwenye valvu ya kuingizia. Ikipanda kupitia tundu la kutilia oili, ringi za pistoni au kuta za silinda zimechakaa. Na maji ya rejeta yakitoa mapovu, basi gasketi imeungua au kuna ufa, na ufa ndio ugonjwa unaoogopwa kuliko yote.

Baada ya hapo injini hufunguliwa. Krenki hupimwa kwa maikromita, chombo kinachotambua tofauti ndogo kuliko unene wa unywele. Sehemu za chuma hutiwa usumaku na kunyunyiziwa unga laini, nao unga hujikusanya penye ufa usioonekana kwa macho; sehemu za aluminiamu hupakwa rangi maalumu ambayo hunywewa na ufa na kuufichua. Rangi mpya iliyopakwa juu ya bloki kuukuu haimfurahishi fundi. Humfanya aulize kilichofichwa chini yake.

Shahidi wa pili ni namba. Injini ya aina hii ina namba iliyogongwa kwenye bloki, na bloki ndiyo mwili wa injini. Kiatu cha Northampton huweza kutiwa soli mpya mara nyingi kikabaki kuwa kile kile. Kadhalika injini huweza kubadilishiwa pistoni, valvu na beringi, ikabaki na jina lake. Lakini bloki ikibadilishwa, maneno mengine huanza. Kwa hiyo fundi huitazama namba kwa kioo cha kukuzia. Huchunguza umbo la tarakimu, kina chake, na hasa uso wa chuma unaozizunguka. Mashine iliyolichonga bloki kiwandani huacha mistari midogo ya kawaida. Ikiwa mistari hiyo imefutika mahali pale tu penye namba, kuna mtu aliyepita na tupa.

Shahidi wa tatu ni karatasi: hati ya kiwanda, vipimo vya nguvu vilivyochukuliwa kwenye mtambo, stakabadhi za matengenezo, picha za siku ya mashindano, na daftari la fundi lenye tarehe na saa ambazo injini ilifanya kazi tangu ilipofunguliwa mara ya mwisho. Jambo hili la mwisho ni zito kuliko watu wengi wanavyodhani. Injini ya gari la nyumbani huhesabiwa umri kwa kilomita na miaka. Injini ya mashindano huhesabiwa kwa saa. Waswahili walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mashahidi hao watatu wakikubaliana, bei huwa haina ugomvi mwingi. Chuma kikiwa kigonjwa lakini namba na karatasi ni za kweli, gharama ya matibabu huondolewa katika bei, na biashara huendelea. Chuma kikiwa kizima lakini karatasi hazipo, injini huuzwa kama injini nzuri, si kama kipande cha historia. Lakini namba ikiwa ya uongo, hata sehemu zilizo za kweli hupoteza heshima, kwa kuwa hakuna ajuaye uongo umeishia wapi.

SENTIMITA MOJA YA UJAZO

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kufikiri kwamba mambo haya ni ya Wazungu na viwanja vyao vya lami. Sivyo. Injini nyingine ya ukoo huu wa Northampton ilipata sifa yake katika vumbi na matope ya nchi zetu.

Injini hiyo ni BDA, yenye silinda nne na valvu 16, iliyojengwa juu ya bloki ya kawaida ya Ford. Iliwekwa katika gari la Ford Escort RS1600 mwaka 1970. Ujazo wake uliandikwa kuwa sentimita za ujazo 1,601. Sentimita ile moja iliyozidi 1,600 haikuwa bahati mbaya. Iliifanya injini ihesabiwe katika daraja la magari yanayofikia ujazo wa 2,000, na hivyo waendeshaji wakaruhusiwa kuipanua zaidi kwa ajili ya mashindano. Hapo panaonekana jinsi thamani ya injini inavyotokana pia na kanuni zilizoandikwa, wala si nguvu peke yake.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi washindi wote walikuwa wakazi wa Afrika Mashariki, walioyajua mashimo ya barabara zao kama wajuavyo vyumba vya nyumba zao. Mwaka 1972 desturi hiyo ilivunjwa na Hannu Mikkola wa Finland pamoja na msomaji ramani wake Gunnar Palm wa Sweden, wakiwa katika Escort RS1600. Mwaka 1977 Björn Waldegård na Hans Thorszelius, wote wa Sweden, walishinda tena katika Escort RS1800 yenye injini ya ukoo huo huo. Na yalipoanzishwa mashindano ya Safari ya magari ya zamani mwaka 2003, Escort zilirudi barabarani. Waldegård mwenyewe alishinda nazo mwaka 2007, miaka 30 baada ya ushindi wake wa kwanza.

Safari iliwafundisha pia wenye kuthamini kwamba karatasi ya vipimo yahitaji kusomwa kwa akili. Injini hupumua kama mtu. Kwa kila meta 1,000 za mwinuko, injini isiyo na mtambo wa kuisukumia hewa hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Northampton ipo juu kidogo tu ya usawa wa bahari. Nairobi ipo juu zaidi ya meta 1,600. Kwa hiyo nguvu zilizoandikwa Uingereza hazifiki zote Kenya. Mnunuzi anayelipia tarakimu bila kuuliza ilipimwa wapi na lini hununua mbuzi kwenye gunia.

Tena, kwa kuwa BDA ilijengwa juu ya bloki ya kawaida, inawezekana kuiunganisha kutoka vipande vya huku na huko, na siku hizi bloki na vichwa vipya vya injini hiyo hutengenezwa na mafundi maalumu. Hakuna dhambi katika kutengeneza kipya. Vipande hivyo ndivyo vinavyoyawezesha magari ya zamani kuendelea kushindana. Dhambi ni kukiita kipya kuwa cha zamani.

PACHA WASIOFANANA

Mfano ulio wazi zaidi ni wa gari la Ford Sierra. Mwaka 1986 lilitoka gari liitwalo Sierra RS Cosworth, lenye injini ya lita mbili na tabochaji. Mwaka 1987, ili kutimiza kanuni za mashindano, yakatolewa magari 500 tu ya aina ya RS500. Kwa mpita njia injini zote mbili ni moja. Lakini ile ya kwanza huitwa YBB na ile ya RS500 huitwa YBD. Ya pili ina kuta nene zaidi za silinda, tabochaji kubwa zaidi, na vinyunyizio vya petroli vinane badala ya vinne.

Ajabu ni kwamba barabarani tofauti ilikuwa ndogo: nguvu za farasi 224 dhidi ya 204. Vinyunyizio vinne vya ziada havikufanya kazi kabisa katika gari la kawaida. Viliwekwa vikisubiri mashindano. Basi mtu angeuliza, kwa nini tofauti ya farasi 20 ilete pengo kubwa la bei? Jibu ni kwamba mnunuzi halipii kile injini inachofanya peke yake. Analipia kile ilichoundwa kuweza kukifanya, na idadi ndogo ya zile zilizoundwa hivyo. Tabochaji kubwa yaweza kununuliwa na kufungwa na fundi yeyote. Unene wa kuta haufungwi kwa spana. Ulizaliwa nao pale chuma kiliposubiwa.

Wakati huo huo, uchache peke yake hautoshi. Injini yaweza kuwa adimu kiasi kwamba pistoni yake haipatikani popote, wala hakuna fundi aliye hai aliyewahi kuifungua. Injini ya namna hiyo huwa sanamu ya chuma. Anayethamini kwa haki huuliza pia: vipuri vyake vipo? Gari lake lipo? Kuna mashindano yanayoiruhusu? Injini iliyotenganishwa na gari lake, ikipata gari hilo likiwa hai, huongezeka thamani kwa pande zote mbili, kama vipande viwili vya hati iliyochanika.

DAFTARI LENYE MADOA YA OILI

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya matajiri kama yasingegusa nyumba za watu wa kawaida. Chukulia mfano wa mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa timu ya mashindano. Bandani mwake kuna injini chini ya turubai. Hodi ya kwanza ni ya mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye anataka kuipima kwa kilo. Hodi ya pili ni ya bwana mwenye tabasamu, asemaye kwamba hiyo ni Ford tu ya zamani, na kwamba yuko tayari kumwondolea usumbufu siku hiyo hiyo, kwa fedha taslimu.

Hodi ya tatu ni ya mtu mwaminifu. Hasemi bei. Anainama, anafuta vumbi kwa kidole, anasoma namba, halafu anauliza: "Bibi, madaftari ya marehemu yako wapi?"

Mjane anajibu kwamba aliyachoma pamoja na takataka wiki iliyopita, kwa sababu yalikuwa yamejaa madoa ya oili.

Hasara imekwisha kuingia, na hakuna mwizi aliyeingia nyumbani. Injini haikupungua hata skrubu moja. Chuma ni kile kile, namba ni ile ile. Kilichoungua ni shahidi wa tatu, yule ambaye angesema injini ilikwenda wapi, ilifunguliwa na nani, na ilishindana siku gani. Mtu mwaminifu bado atalipa vizuri. Lakini hawezi kulipia kisichoweza kuthibitishwa, na mjane hawezi kumlaumu. Lau angemwita mapema, au lau marehemu angaliwaambia wa nyumbani mwake maana ya madaftari yale, jioni ile moja ya usafi isingalikuwa ghali namna hiyo.

Kwa upande mwingine wa meza yupo mnunuzi mwenye pupa. Ameona rangi, amesikia ngurumo, amelipa. Miezi baadaye injini inafunguliwa, na namba inaonekana imepita chini ya tupa. Naye amepoteza, na mara nyingi hupoteza zaidi, kwa kuwa akitaka kuuza atalazimika kuchagua kati ya kusema kweli na kula hasara, au kunyamaza na kuwa mwongo wa pili.

KAZI INAENDELEA

Northampton haijaishia katika kumbukumbu. Cosworth ingali mjini, na imeunda injini za magari machache ya karne hii, mojawapo ikiwa ya silinda 12 kwa gari liitwalo T.50, lenye kuweza kufikia mizunguko 12,100 kwa dakika. Toleo la barabarani la gari hilo lilipangiwa idadi ya magari 100 tu. Wajukuu wa leo watakapozithamini injini hizo, huenda watapata kazi rahisi kuliko ya babu zao, kwa kuwa zimezaliwa zikiwa na kumbukumbu kamili.

Lakini mashine yoyote ya kutunza kumbukumbu huhitaji mtu wa kujali. Jambo hili halihusu injini za Formula One pekee. Linahusu cherehani ya mama, pampu ya shamba, na Peugeot ya babu iliyosimama nyuma ya nyumba. Mwenye kutunza kitabu cha usajili, stakabadhi za matengenezo na picha yenye tarehe ametunza sehemu ya mali yenyewe, tena sehemu isiyokula nafasi zaidi ya mkebe mmoja wa biskuti.

Katika maduka ya Northampton wazee wa kazi bado hukipokea kiatu kwa namna ile ile. Hawakisifu kabla ya kukishika. Hukigeuza chini juu, wakatazama mshono, kisha wakamwuliza mwenye kiatu kilitengenezwa na nani na kimetiwa soli mara ngapi. Ni baada ya kupata jibu ndipo wanapotaja bei.